Tumehamisha vitanda, hatujahamisha mji

Kila siku ya Mungu, jua linapoanza kuinamia bahari ya magharibi ya Unguja, meza hupangwa katika Bustani ya Forodhani, majiko ya makaa huwashwa, na wapishi waliovaa kofia nyeupe huanza kukanda, kutandaza na kukunja kile ambacho wageni wa dunia nzima sasa wanakiita piza ya Zanzibar. Wageni hao husimama wakatazama na kupiga picha. Wenyeji hupita na watoto wao, wakala mishkaki na urojo, wakanywa juisi ya miwa. Ni mandhari ya kupendeza, nasi hatuna nia ya kuyatia doa. Lakini lipo swali moja ambalo halijaulizwa kwa uzito unaostahiki: mpishi huyu, akishazima jiko lake usiku, analala wapi?

Aghlabu jibu si Shangani, wala Malindi, wala Kiponda. Jibu ni Fuoni, au Mwera, au Kisauni, au Bububu, au kwengineko pembezoni mwa mji ambako miaka thelathini au arubaini iliyopita palikuwa na minazi, mihogo na vichaka. Naye mnunuzi wake aliye mwenyeji pia ametoka hukohuko, kwa gari ya abiria au kwa pikipiki, kwa kuwa mtaani kwake hapana pahala pa kwenda jioni. Mpishi na mlaji wametoka mtaa mmoja, wamesafiri njia moja, ili wakutane mbele ya meza iliyo mbali na nyumba zao wote wawili. Sisi tunaona kuwa katika jambo hili dogo mna habari kubwa ya namna tunavyovijenga visiwa vyetu. Habari hiyo ndiyo tuliyokusudia kuizungumza leo, na wananchi wenzetu pamoja na viongozi waliokabidhiwa dhamana ya ardhi na makaazi.

Sensa zetu zinasema waziwazi. Mwaka 2012 Wilaya ya Mjini ilikuwa na watu wapatao 223,000. Mwaka 2022 walikuwa wapatao 219,000. Yaani katika miaka kumi ambayo watu wa Zanzibar nzima waliongezeka kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773, Wilaya ya Mjini haikuongezeka, ilipungua. Katika muda huohuo Wilaya ya Magharibi, ambayo baadaye iligawanywa kuwa Magharibi A na Magharibi B, ilipanda kutoka watu wapatao 370,000 hadi zaidi ya 670,000. Hapana haja ya mtaalamu kutufasiria hesabu hizi. Wananchi wanaondoka mjini, na wanaotoka shamba na Pemba hawaingii tena mjini. Wote wanakutana Magharibi. Jambo la kuuliza si kama watu wamehama, kwani wamekwisha kuhama. Jambo la kuuliza ni kipi wamekihama na kipi wamekikuta.

Tuanze na chakula chenyewe, maana kina mafunzo. Fundi huchukua donge la unga wa ngano lililolala katika mafuta, akalibonyeza kwa kiganja, akalivuta pembe zote mpaka likawa jepesi kama kitambaa cha kanzu. Katikati huweka kipande kingine kidogo cha unga ili lisipasuke. Juu yake hutia kima, vitunguu, pilipili boga, jibini na kijiko cha mayonezi, akavunja yai, akavuruga, kisha akakunja pembe zote nne zikakutana, na kuukaanga mkunjo huo mpaka ukaiva pande mbili. Ipo pia ya tamu, inayotiwa ndizi na chokoleti, ambayo vijana na wageni huipenda zaidi.

Hii siyo piza ya Wataliana. Ile ya Napoli huokwa katika tanuri ikiwa wazi uso wake. Hii yetu hukaangwa ikiwa imefunikwa. Jamaa zake wa karibu ni mkate wa mayai wa Mombasa, na kile kiitwacho mutabbaq huko Yemen, Hijazi na nchi nyengine za Waarabu. Aliyesoma chuoni alfajiri kabla ya kwenda skuli, kama tulivyosoma sisi, hatashindwa kuutambua mzizi wa neno hilo: ni kitu kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka, na neno letu tabaka limetoka katika mzizi huohuo. Jina la piza limeenea pamoja na utalii, kwani mgeni huvutwa kwanza na jina analolijua. Hatuna ugomvi na jina. Watu wa pwani wamepokea vitu vingi kutoka pande zote za bahari, wakavikunja ndani ya unga wao, vikawa vyao.

Lakini Napoli na Forodhani zinafanana kwa jambo moja. Piza ilizaliwa katika mitaa ya Napoli miongoni mwa maskini wa mji uliosongamana, watu wenye vyumba vidogo na majiko haba, waliokula wakiwa wamesimama njiani. Mwaka 2017 UNESCO iliuingiza ustadi wa mafundi piza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu. Basi chakula cha namna hii ni mtoto wa mji. Huhitaji watu wengi wanaopita kwa miguu, huhitaji taa na maji, huhitaji saa ya jioni isiyokuwa na khofu wala haraka. Palipo na vitu hivyo pana mji, hata kama nyumba zake zimeezekwa makuti. Pasipo na vitu hivyo, hata nyumba zikiwa za ghorofa na vigae, pana vitanda tu.

Sasa tuseme haki ya kila upande, kwani uamuzi wa mtu kuishi mjini au pembezoni si wa kuchekwa wala wa kulaumiwa.

Mwenye kuishi mjini ana neema ambazo aliyezizoea hazioni. Asubuhi huenda sokoni Darajani kwa miguu, akarudi na samaki wake kabla jua halijawa kali. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu, na afisi, skuli, chuo na msikiti vyote viko umbali wa adhana. Jioni hukaa barazani mbele ya nyumba yake, akasikia habari bila ya kuzitafuta. Mtoto akicheza kichochoroni, kila mpita njia ni mlezi wake. Mzee aliyefiwa na mwenziwe hakai peke yake, maana kikombe cha kahawa kimoja humkusanyia watu sita. Mambo haya hayana bei, na ndiyo maana hayaonekani katika hesabu za mipango.

Lakini mji nao una yake. Nyumba za mawe na chokaa zinataka kutunzwa kila mwaka, na mwananchi wa kawaida hana uwezo huo. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, hatua chache tu kutoka hapo Forodhani, ikaua. Na ikiwa jumba la wafalme limefika hapo, sembuse nyumba ya familia kumi zilizogawana vyumba. Tangu Mji Mkongwe uingizwe katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, thamani ya kila ukuta imepanda, na nyumba nyingi zimegeuka hoteli na nyumba za wageni. Familia yenye vijana watatu waliofikia umri wa kuoa haina pa kuwaweka, na kodi inayodaiwa huwafaa wenye kulala usiku mbili wakaondoka, haiwafai wenye kuishi. Mtu anapofunga virago katika hali hii hasukumwi na tamaa ya kitu kipya. Anasukumwa na uzito wa maisha.

Huko anakokwenda anapata kitu kikubwa: pake. Mtu wa mshahara mdogo hujenga msingi mwaka huu, akasimamisha kuta mwaka kesho, akaezeka chumba kimoja na kuhamia humo, na vyengine vikafuata kadiri Mungu atakavyomjaalia. Baada ya miaka kumi ana nyumba ya vyumba vinne, ua wa kupikia, muembe mmoja, kuku kadhaa, na upepo unaoingia dirishani bila ya kupigana na ukuta wa jirani. Wazee wake wana pa kukaa, na wanawe wana pa kukimbia. Nyumba hiyo imejengwa bila ya mkopo wa benki, tofali juu ya tofali, kwa jasho na kwa michango ya jamaa. Anayeidharau kazi hiyo hajui maana ya kujitegemea.

Hata hivyo, kila siku analipa. Analipa nauli ya kwenda na ya kurudi, yeye na wanawe wanaosoma mjini. Analipa saa zake barabarani, hata akafika nyumbani watoto wamekwisha kulala. Masika yakiwa makubwa, mabonde ya Mwanakwerekwe na Kibondemzungu yametufundisha zaidi ya mara moja maana ya kujenga pahala ambapo maji yana njia zao za tangu enzi. Vipo vichochoro vya mitaa mipya ambavyo gari ya zimamoto wala ya wagonjwa haipiti, kwa kuwa kila mmoja alijenga mpaka ukingo wa kiwanja chake na hapana aliyeacha njia. Kiwanja cha mpira kilichokuwapo kimekwisha kukatwa na kuuzwa. Jioni ikiingia, kila mlango hufungwa. Ndiyo hapo kijana anapompandisha mdogo wake katika gari na kumpeleka Forodhani, akale piza na kutazama watu; na akichelewa kidogo, gari za kurudi zinakuwa haba.

Zipo fikra zinazosema kwamba ndivyo vitongoji vilivyo, na kwamba mwenye kutaka utulivu asitake mkusanyiko. Historia yetu wenyewe inazikanusha. Ng'ambo nayo ilikuwa kitongoji. Jina lake ni la upande wa pili, kwa mtu aliyesimama katika mji wa mawe akatazama ng'ambo ya mkono wa bahari. Na Darajani ni pale palipokuwa na daraja la kuvukia. Utawala wa kikoloni uliufanya mgawanyiko huo kuwa mpango: majumba ya mawe huku, vibanda vya udongo kule, kila kabila na tabaka na pahala pake. Lakini watu wa Ng'ambo hawakukubali kuwa na vitanda tu. Walikuwa na timu zao za mpira, ngoma zao, mikahawa yao na vyama vyao. Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba, aliingia mjini na kuishi Ng'ambo, na sauti yake ikavuka bahari kutoka huko. Raha Leo ilikuwa na ukumbi na redio, na sauti ya Mapinduzi ya Januari 1964 ilisikika kutoka hapohapo. Ng'ambo ilikuwa mji kabla ya kupewa heshima ya mji, kwa sababu ilikuwa na jioni yake.

Baada ya Mapinduzi, Serikali ya Mzee Abeid Amani Karume iliazimia kwamba mnyonge naye alale katika nyumba bora. Kwa msaada wa Ujerumani ya Mashariki yalijengwa majumba ya Kikwajuni, Kilimani na baadaye Michenzani, yaliyonyooka kama mabehewa ya treni. Yapo mengi ya kuyakosoa. Mitaa ya zamani ilibomolewa, na maji yakikatika ndoo hupanda ngazi kwa mikono ya akina mama. Lakini msingi wa fikra ile haukuwa na kasoro: umma ukae katikati ya mji, karibu na kazi, soko na hospitali, na kwa kuwa ardhi ya kisiwa ni ndogo, tupande juu badala ya kutambaa. Leo tumeacha kupanda na tunatambaa kwa kasi.

Wapo wanaotazama Marekani na kusema kuwa wenzetu nao walitoka mijini. Ni kweli. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, familia nyingi za huko zilihamia katika vitongoji vya nyumba zinazofanana, kama Levittown ya karibu na New York, iliyoanza kujengwa mwaka 1947. Lakini zilihamia kwa magari yao wenyewe, juu ya barabara pana, katika nchi isiyojua uhaba wa ardhi. Na hata huko, piza ilibidi ifuate watu majumbani kwa gari, kwa kuwa watu hawakuwa tena na mtaa wa kuifuata kwa miguu. Unguja haifiki kilomita za mraba 1,700. Anayenakili mfano wa bara lile katika kisiwa hiki atamaliza ardhi kabla hajamaliza barabara.

Na ardhi hiyo ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Baada ya Mapinduzi wakulima waligaiwa eka tatu tatu ili walime. Nyingi ya eka zilizo karibu na mji zimekatwa viwanja, zikaota kuta badala ya mihogo. Sasa tuitazame tena ile piza. Unga wa ngano umetoka nje, kwani ngano haioti hapa. Vitunguu vimevuka bahari kutoka Bara. Jibini, mayonezi na chokoleti vimekuja katika makopo na vibati. Mkono wa fundi ni wetu, lakini vinavyotiwa ndani vinanunuliwa. Hata hivyo, vipo katika chakula hicho vitu ambavyo ua wa nyumba ya pembezoni unaweza kuvitoa: yai, ndizi, pilipili, hata pilipili boga. Nyumba yenye kuku ishirini na migomba minne haijaacha kuwa shamba kwa kuwa na bati. Tukiwapanga wenye nyua hizo katika ushirika, tukawaunganisha na wauzaji wa vyakula na mahoteli, pembezoni patakuwa na pato, na fedha ya mgeni itafika hata kwa mama asiyewahi kumwona mgeni huyo.

Kuhusu maji, tuseme kwa sauti kubwa zaidi. Mji huu umekunywa kutoka chemchem za Bububu na Mtoni tangu enzi ya Sayyid Barghash, aliyevuta maji kwa mabomba hadi mjini katika karne ya 19. Leo nyumba zinajisogeza kwenye vyanzo hivyo, na kila nyumba ina shimo lake la maji machafu. Mawe ya kisiwa chetu ni ya chokaa yenye matundu. Kinachomwagwa juu hakikawii kufika chini. Anayejenga juu ya chanzo cha maji anamnyima jirani yake haki, na haki ya jirani katika mafundisho tuliyolelewa nayo si jambo la hiari.

Watakuwapo wenye kupinga hoja yetu kwa kusema kwamba wauza vyakula huleta uchafu na maradhi, na kwamba haifai kuwaalika katika mitaa ya makaazi. Tunakumbuka vyema kwamba mwaka 2016, kipindupindu kilipotuvamia, uuzaji wa vyakula barabarani ulizuiwa. Ilikuwa hatua ya dharura, nasi hatuilaumu. Lakini kipindupindu hakizaliwi katika kaango la moto. Huzaliwa katika maji yaliyochanganyika na kinyesi. Palipo na mfereji wa maji safi, choo, mtaro na pipa la taka linalotolewa kila usiku, muuza chakula ni mlinzi wa afya, kwa kuwa riziki yake imo katika usafi wake. Forodhani yenyewe ni ushahidi. Bustani ile ilikuwa imechakaa. Ikatengenezwa, ikafunguliwa upya mwaka 2009, ikawekewa taa na mpangilio. Tangu hapo imekuwa fahari ya nchi. Kama tuliweza kwa ajili ya eneo ambalo mgeni analiona, tunashindwaje kwa ajili ya maeneo ambayo mwananchi analala?

Hapo ndipo lilipo jambo zito. Zaidi ya wageni 600,000 waliingia Zanzibar mwaka 2023, na tunawakaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji haponi ikiwa mji mzuri umebakishwa kwa mgeni, na mwenyeji amebakishiwa usingizi na nauli. Katika rasi ya Fumba, alikozaliwa Siti, inajengwa sasa miji mipya yenye mpango, bustani na barabara, na nyumba zake zinauzwa kwa wananchi na kwa wageni. Ni jambo jema kwamba mpango unawezekana. Lakini mwenye uwezo akipata mtaa wenye bustani, na asiye na uwezo akapata kichochoro kisichopitika, tutakuwa tumerudi kulekule kwa yule mkoloni: mji wa matabaka. Tabaka ndani ya unga zinapendeza. Tabaka baina ya wananchi ndizo tulizofanyia Mapinduzi kuziondoa.

Kwa hivyo tunatoa mapendekezo yafuatayo, na tunaomba yatazamwe na wahusika kwa uzito wake.

Kwanza, kila mpango wa viwanja vipya, kabla ya kiwanja cha kwanza kugaiwa, utenge kiwanja cha jioni: eneo la wazi lenye maji, umeme, choo, mtaro na kivuli cha miti, pawe pa mpira alasiri na pa wauza vyakula usiku. Ardhi ya Zanzibar ni mali ya umma, na Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992 inatamka hivyo. Umma hauwezi kukosa eka moja katika mali yake mwenyewe. Kiwanja hicho kiandikwe, kiwekewe mipaka, na sheha akabidhiwe mbele ya wananchi, ili asije mtu kukikata usiku.

Pili, katika mitaa iliyokwisha kujengwa bila mpango, kama sehemu kubwa ya Fuoni na Mwanakwerekwe, Manispaa zitafute pahala palipobakia, hata kama ni padogo: ukingo wa skuli, ua wa tawi, pembe ya soko. Baraza kubwa hazikuanza kuwa kubwa.

Tatu, gari za abiria zipangiwe zamu za usiku katika njia kuu, ili mpishi wa Forodhani, muuguzi wa Mnazi Mmoja na mlinzi wa hoteli warudi makwao kwa nauli ya kawaida. Mji unaowahitaji watu hao usiku una wajibu wa kuwarudisha.

Nne, Mji Mkongwe na Ng'ambo zibaki kuwa makaazi. Nyumba za umma zinazotengenezwa zitengenezwe pamoja na wakaazi wake, wasitolewe kwa jina la matengenezo kisha mlango ukafunguliwa kwa mwengine. Na penye nafasi ya kujenga katikati ya mji, tupande juu, tukiwa tumejifunza kutokana na Michenzani: maji yafike juu, na chini pawe na maduka, uwanja na watu.

Tano, vyanzo vya maji na mashamba yaliyobakia yalindwe kwa vitendo. Kibao kilichosimama juu ya shamba lililokwisha kuuzwa hakilindi kitu.

Haya hayahusu Unguja pekee. Chake Chake, Wete na Mkoani zinakua, na pembezoni mwake viwanja vinakatwa kila uchao. Pemba bado ina nafasi ya kutenga kabla ya kujuta. Viongozi wa huko wasisubiri mpaka kijana wa Gombani naye apande gari kutafuta pahala pa kukaa jioni.

Nasi wananchi tusijivue wajibu. Mwenye kuuza njia ya mtaa ili apate chumba kimoja zaidi amejiuzia na yake. Mwenye kujenga ukuta mrefu usio na hata baraza ya kukalia mgeni asishangae kwamba mtaa wake hauna maneno ila ya magari. Wazee wetu walijenga baraza kabla ya sebule, kwa kuwa walijua kwamba nyumba ni ya mtu, lakini jioni ni ya watu wote. Baraza ya saruji haigharimu kiasi cha geti la chuma.

Piza ya Forodhani itaendelea kukaangwa, nasi tunaitakia kheri. Tunachokiomba ni kwamba fundi wake, akipenda, aweze kuikaanga pia Fuoni siku ya Jumatano, chini ya taa ya umma, mbele ya jirani zake, akamaliza kazi na kurudi nyumbani kwa miguu kabla mwanawe hajalala. Siku hiyo ndipo tutakaposema kwamba Magharibi pana mji.